Romper Stomper, American History X au This Is England: uanze na ipi?

Ukitafuta filamu kuhusu magenge ya maskinhedi wabaguzi, majina matatu hujitokeza kwanza: Romper Stomper ya Australia, American History X ya Marekani na This Is England ya Uingereza. Wengi huzipanga kwa kuuliza ipi ina damu nyingi. Swali hilo halimsaidii anayechagua, kwa kuwa zote tatu zina ukatili wa kumnyima mtu usingizi. Afadhali uulize kamera imesimama upande wa nani genge linapopiga, nani anaachiwa aongee mpaka amalize, na kijana anaingiaje humo na anatokaje. Ukishajibu hayo utaona kwamba ni filamu tatu zisizofanana hata kidogo, ingawa vipara na buti ni vilevile.

Tahadhari mapema: miisho inatajwa humu. Bila miisho, filamu hizi hazilinganishiki.

| | Romper Stomper | American History X | This Is England |
|---|---|---|---|
| Mwaka | 1992 | 1998 | 2006 |
| Mwongozaji | Geoffrey Wright | Tony Kaye | Shane Meadows |
| Mahali | Footscray, Melbourne | Venice Beach, Los Angeles | Mji mdogo wa Uingereza, 1983 |
| Kiongozi wa genge | Hando (Russell Crowe) | Derek (Edward Norton) | Combo (Stephen Graham) |
| Urefu | Dakika 94 | Dakika 119 | Dakika 101 hivi |
| Wanaoshambuliwa | Wavietnamu | Weusi, Wamexico, Wayahudi | Waasia, na Milky mwenye asili ya Jamaika |

Kwanza, skinhedi ni nani

Mtazamaji anayeamini kwamba kila skinhedi ni Mnazi atapotea katika nusu saa ya kwanza ya This Is England. Maskinhedi wa mwanzo walitokea mitaa ya wafanyakazi ya London mwishoni mwa miaka ya 1960. Walinyoa nywele, wakavaa buti nzito, jinzi zilizokunjwa ili buti zionekane, suspenda, na mashati ya Ben Sherman au Fred Perry. Muziki wao ulikuwa wa Wajamaika: ska, rocksteady na rege, nyingi zikitolewa na kampuni ya Trojan iliyoanzishwa 1968. Sehemu kubwa ya mtindo waliichukua kwa vijana wa Kijamaika waliokuwa majirani zao. Hawakuwa malaika, maana kuwapiga Waasia barabarani kulikuwa mchezo wa baadhi yao tangu siku hizo. Ila mtindo ulipofufuka mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo chama cha kibaguzi cha National Front, kilichoundwa 1967, kilipoingia vijiweni kuwavuna kwa makusudi. Waliokataa walibaki na rege yao, na 1987 huko New York wakaunda hata kundi la maskinhedi wanaopinga ubaguzi.

Afrika Mashariki imo ndani ya hadithi hii kuliko wengi wanavyodhani. Mapema 1968 Waasia wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walikuwa wakiwasili London kwa wingi, na Machi mwaka huo Bunge la Uingereza likapitisha haraka sheria ya kuwazuia. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Aprili, mbunge Enoch Powell akatoa Birmingham hotuba yake ya kuwapinga wahamiaji. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilifikia hatua ya kuweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende mjini kwao. National Front ilinenepa kwa hofu hizo. Kwa hiyo genge linapovamia duka la Bwana Sandhu, Mwasia, katika This Is England, mtazamaji wa Kampala au Nairobi ana sababu ya kulitazama lile duka kwa jicho lingine.

Romper Stomper: ndani ya genge, mlango umefungwa

Filamu ya Wright haina utangulizi. Inaanza katika njia ya chini ya stesheni ya treni, genge la Hando linawavamia vijana wa Kivietnamu, na kabla hujajua nani ni nani watu wameshaumia. Kamera inabebwa mkononi na inakimbia pamoja na wapigaji. Hakuna mwalimu, mchungaji wala mama wa kukuambia kwamba haya ni mabaya. Ndiyo maana ilipotoka, David Stratton, mhakiki mashuhuri wa filamu nchini Australia, alikataa kuipa alama yoyote ya nyota kwenye kipindi chake cha televisheni. Hofu yake ilikuwa ya haki: Crowe ana mvuto, genge lina nyimbo, na maskani yao yanaonekana kama mahali pa raha kwa kijana asiye na pa kwenda.

Kasoro hiyo ndiyo inayoifanya ifae kutazamwa. Baada ya vurugu ya baa, ambayo mmiliki anataka kuiuza kwa Mvietnamu, ndugu wa walioshambuliwa wanakuja kwa makumi, na maskinhedi wanakimbizwa uchochoroni, wanarudi maskani, wanakimbizwa hata humo. Sehemu hii ni ndefu na haipumziki. Mtazamaji anajikuta akihema pamoja na watu ambao dakika chache nyuma aliwachukia, kwa sababu tu kamera iko upande wao. Ukiligundua hilo katikati ya mbio, filamu imekufundisha jambo kuhusu sinema ambalo hotuba isingeweza. Usipoligundua, basi umeshangilia Wanazi kwa dakika kumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Kwa waliozoea sinema ambako stelingi hafi, Hando ni mtego mzuri. Ana kila alama ya stelingi: mwili, sauti ya amri, mwanamke, rafiki wa damu. Kisha filamu inamvua kimoja kimoja. Genge linapoteza maskani. Wanavamia nyumba ya baba tajiri wa Gabe, msichana mwenye kifafa ambaye baba huyo alimnajisi, na uvamizi wenyewe unawageukia. Gabe anawaita polisi, na mdogo kuliko wote katika genge anauawa kwa risasi. Wanabaki watatu ufukweni: Hando, Gabe, na Davey, yule rafiki wa damu. Davey anamchoma Hando kisu cha Kinazi shingoni, huku watalii wa Kijapani walioshuka kwenye basi wakiangalia kutoka juu. Hakuna aliyejifunza kitu. Davey haachi genge kwa kubadili mawazo. Anaacha kwa kuwa amempenda Gabe na amechoka.

Udhaifu wake halisi si ukatili. Ni kwamba Wavietnamu wanabaki umati. Unawaona wakifanya kazi, wakipanga, wakipiga, lakini hakuna hata mmoja anayepewa maisha yenye uzito wa lile la Hando. Kwa filamu iliyopigwa Footscray, mtaa ambao Wavietnamu waliokimbia vita baada ya 1975 waliujenga upya kwa maduka na mikahawa yao, hilo ni pengo kubwa. Jambo moja Wright alilifanya kwa uangalifu: nyimbo za genge zilitungwa na John Clifford White mahsusi kwa ajili ya filamu, kwa hiyo hakuna bendi ya Kinazi iliyonufaika.

American History X: uigizaji mkubwa, hoja inayochechemea

Hii ndiyo inayojulikana zaidi, na mtu akisema "ile filamu ya skinhedi" mara nyingi anamaanisha hii. Norton aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, na alistahili. Muundo ni rahisi kufuata: yaliyopita yako katika nyeusi na nyeupe, ya leo yako katika rangi. Derek anatoka gerezani baada ya miaka mitatu kwa kuwaua vijana wawili weusi waliokuja kuiba gari, na anakuta mdogo wake Danny ameshanyoa kipara na kuingia njia ileile. Mkuu wa shule, Sweeney, anamwamuru Danny aandike insha kuhusu kaka yake. Insha hiyo ndiyo uzi unaoshona filamu.

Angalia vizuri hiyo nyeusi na nyeupe. Kaye alikuwa pia mpiga picha wa filamu yake, na alitoka kwenye matangazo ya biashara. Picha za zamani ni nzuri mno. Mechi ya mpira wa kikapu ya kugombea uwanja, Derek akiwa na swastika kifuani, imepigwa kama tangazo la viatu, kwa mwendo wa polepole na jasho linalong'aa. Mauaji ya usiku, ambapo Derek anamlazimisha mtu aume ukingo wa barabara kisha anamkanyaga kisogoni, yanafuatwa na picha yake akikamatwa, macho yamemtoka, anatabasamu kama sanamu ya shujaa. Nia ni kukuonyesha jinsi Danny anavyomwona kaka yake. Lakini picha ikishakatwa na kusambazwa peke yake, nia haisafiri nayo, na watu wasiostahili wameshaitundika ukutani.

Tatizo la pili ni maneno. Derek anaongea kwa ufasaha kuliko kila mtu mezani. Katika mlo wa jioni anamshambulia Murray, mwalimu Myahudi anayechumbiana na mama yake, kuhusu ghasia za Los Angeles na kesi ya Rodney King, mtu mweusi aliyepigwa na polisi, na Murray hana la kujibu ila kuondoka. Mbele ya duka analotaka livamiwe kwa sababu mwenyewe Mkorea ameajiri Wamexico, anamwaga takwimu kama mwanasiasa wa jukwaani. Hakuna pahali filamu inapozijibu hoja hizo kwa hoja. Inazijibu kwa matukio: gerezani Derek anagundua kwamba Wanazi wenzake wanafanya biashara ya dawa za kulevya na Wamexico, anawasusia, nao wanambaka bafuni. Wakati huohuo, Lamont, kijana mweusi anayekunja naye mashuka katika chumba cha kufulia, anamchekesha na kumlinda kimyakimya. Mtazamaji makini atauliza: je, kama Wanazi wa gerezani wangekuwa waaminifu, Derek angebadilika? Filamu inakwepa hapo.

Lakini ina onyesho moja ambalo hakuna kati ya nyingine mbili inayolifikia. Ni kumbukumbu fupi: baba, mzimamoto, mtu anayeheshimiwa, amekaa mezani na familia. Derek, bado mwanafunzi mwenye nywele zake, anasifia kitabu cha mwandishi mweusi alichopewa na Sweeney. Baba hapazi sauti wala hatukani sana. Anatabasamu, anauliza maswali mawili matatu kuhusu weusi wanaopewa kazi kwa upendeleo, na unaona uso wa mtoto ukihama taratibu kutoka kwa mwalimu kwenda kwa baba. Baba huyu baadaye anauawa kwa risasi akizima moto katika nyumba ya wauza dawa, na Derek analia mbele ya kamera za televisheni. Wengi hudhani kifo hicho ndicho kilichomfanya Mnazi. Onyesho la mezani linasema mbegu ilipandwa zamani, na kifo kiliinyweshea tu. Limewekwa karibu na mwisho, na anayechungulia simu wakati huo ameikosa filamu.

Kuhusu ugomvi wa nyuma ya pazia: Kaye aliikana nakala iliyotoka, akidai Norton na studio waliihariri upya. Aliomba jina lake liondolewe na liandikwe Humpty Dumpty, chama cha waongozaji kikakataa, naye akafungua madai ya dola milioni 200. Nakala fupi aliyoitaka yeye haijawahi kutolewa, kwa hiyo usihangaike kuitafuta.

This Is England: kijana anavyoingia kwa kupendwa

Shaun ana umri wa miaka 12. Baba yake amekufa katika Vita vya Falkland vya 1982, shuleni wanamcheka kwa suruali yake pana, na mama hana muda. Woody, kiongozi wa kundi la maskinhedi wapole, na wenzake wanamwokota njiani. Wanamnyoa, wanampa shati la Ben Sherman na suspenda, wanacheza naye. Mama anakuja mgahawani kulalamika kuhusu kipara, kisha anawaachia mtoto kwa kuwa ameona anatabasamu. Hakuna ubaguzi humo. Milky, mwenye asili ya Jamaika, ni mmoja wao, na filamu inafunguka kwa wimbo wa Toots and the Maytals. Karibu theluthi nzima ya filamu ni furaha tupu.

Theluthi hiyo ndiyo siri ya filamu. Combo anapotoka jela na kuanza kuhubiri, Shaun ameshaipenda familia hii kiasi kwamba hawezi kurudi upweke. Combo anajua samaki hukunjwa angali mbichi. Anaitaja Falkland kama vita vya bure, mtoto anamrukia kwa hasira, na badala ya kumfukuza anamkumbatia na kumwambia kwamba baba yake hakufa bure ikiwa yeye atasimama. Hotuba yake kuhusu watu zaidi ya milioni 3 wasio na kazi, idadi ambayo Uingereza ya 1983 iliijua vizuri, inagusa kweli kisha inaipinda. Tofauti na Derek, Combo hashindi kwa ufasaha. Unaona nyufa zake akiwa bado anaongea.

Meadows alikulia katika mazingira haya na inaonekana kwenye vitu vidogo. Mkutano wa National Front unafanyika baa ya mashambani, watu wachache kwenye viti. Hiyo ni sahihi kihistoria: chama kilikuwa kimeporomoka tangu uchaguzi wa 1979, na kufikia 1983 kilikuwa mabaki. Filamu nyingine zingejaza ukumbi kwa bendera na mienge. Ukumbi mdogo unatisha zaidi, kwa sababu unaona jinsi watu wachache wanavyotosha.

Ukatili mkubwa ni mmoja tu, karibu na mwisho. Combo ananunua bangi kwa Milky, wanavuta pamoja, anamuuliza kuhusu familia yake. Milky anaeleza kwa furaha: wajomba, mashangazi, chakula, kicheko. Kila neno zuri linamuuma Combo, ambaye hana hata kimoja cha hivyo, mpaka wivu unageuka kipigo kinachomwacha Milky hajitambui. Wasiolizoea pigo lisilo na muziki wala ukataji wa haraka wa picha hushtuka zaidi hapa kuliko kwenye mauaji ya American History X. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uingereza iliipa filamu daraja la 18, ingawa baadhi ya halmashauri za miji ziliishusha hadi 15 katika majumba yao, zikiona kwamba wanaohitaji kuiona ni vijana wenyewe. Thomas Turgoose, aliyeigiza Shaun, hakuwa ameigiza kabla ya hapo. Filamu ilipata tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza.

Zikiwekwa bega kwa bega

Katika kuingia gengeni, This Is England inashinda kwa mbali. Romper Stomper inakukuta genge limeshaundwa, na American History X inaeleza zaidi kwa msiba na maneno ya baba.

Katika kutoka, hakuna inayotosheleza, na hilo ni la kukumbuka kama unataka filamu ya kumsaidia kijana aliyeanza kupotea. Derek anatoka kwa mateso, Davey kwa kisu, Shaun kwa kuona rafiki akimwaga damu. Maisha ya baada ya kutoka, yenye deni, vitisho na alama mwilini, hayamo. Kwa hayo nenda kwenye Skin, iliyotajwa hapa chini.

Katika sauti ya wanaoumizwa, zote zina upungufu ila Milky anapewa muda mwingi kuliko wengine. Lamont wa American History X ni mcheshi wa kumponya mzungu, na tukimaliza kumhitaji anabaki gerezani. Mwishoni Danny anapigwa risasi na mwanafunzi mweusi chooni shuleni. Kimuundo ni duara la kisasi, ila mtazamaji aliyefika na chuki yake anaweza kuondoka akiwa ameithibitisha. Ukiongoza mazungumzo baada ya filamu, anza na swali hilo kabla halijaanza lenyewe.

Katika wanawake, Romper Stomper inaongoza bila kutarajiwa. Gabe wa Jacqueline McKenzie ndiye anayeamua mwelekeo wa filamu yote, ingawa kila mwanamume humo anadhani anaamua yeye.

Nani atazame ipi

Walimu na walezi wa vijana wa miaka 16 kwenda juu wachague This Is England. Tenga saa mbili na nusu: filamu, dakika kumi za kunyamaza, kisha maongezi. Usisimamishe katikati ya onyesho la Combo na Milky. Ukisimamisha, vijana hucheka kwa woga na uzito hauendi kokote ukiwasha tena. Kama lazima usimamishe, fanya hivyo Woody anapoondoka na kundi kugawanyika, uulize kila mmoja angemfuata nani.

Anayetaka uigizaji na hadithi inayofuatika, hasa asiyezoea sinema za taratibu, aende American History X. Isiwe ya watoto: kuna mauaji, ubakaji wa gerezani na matusi ya rangi yasiyokoma. Aliyewahi kudhulumiwa kingono aambiwe mapema kwamba onyesho la bafuni lipo na kwamba ni refu. Kwa Romper Stomper, unyanyasaji wa baba kwa Gabe unatajwa zaidi ya kuonyeshwa, lakini umetanda kote.

Romper Stomper ni ya mtu mzima anayeijua sinema na anayeweza kujiuliza kwa nini moyo wake umehamia upande mbaya. Usiiweke kwenye ukumbi wa vijana bila maongezi. Ukiziona zote tatu, fuata mpangilio huu: This Is England, kisha Romper Stomper, mwisho American History X. Ukianza na ya Marekani utazipima nyingine kwa kigezo cha hotuba, nazo hazikutengenezwa kwa hotuba.

Zisizo kwenye meza kuu

The Believer ya Henry Bean, yenye Ryan Gosling kijana, ndiyo inayojibu pale American History X inapokwepa: inajadili itikadi yenyewe. Mhusika ni Myahudi aliyesoma shule ya dini kisha akawa Mnazi, akianzia kisa cha kweli cha Daniel Burros aliyejiua 1965 baada ya gazeti kufichua asili yake. Wenzake wanapochafua sinagogi, yeye anashindwa kuvumilia hati ya Torati ikiraruliwa. Ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Sundance 2001. Ina maneno mengi kuliko ngumi.

Skin ya Guy Nattiv inafuata kisa cha Bryon Widner, aliyefanyiwa mfululizo wa matibabu ya leza kwa zaidi ya mwaka kufuta tatoo za usoni. Ni ya kawaida kisanaa, ila inaeleza gharama ya kutoka kuliko zote.

Kriegerin ya Ujerumani, ya 2011, ina msichana katikati ya genge, na inafaa kwa anayedhani haya ni mambo ya wanaume tu.

Green Room ya Jeremy Saulnier ni filamu ya kutisha: bendi ya panki imefungiwa chumbani katika ukumbi wa Wanazi huko Oregon. Usiende kwa ajili ya kuelewa itikadi. Chaguo la mahali lakini si la bahati mbaya. Portland, Oregon, ndiko maskinhedi walikomuua mwanafunzi wa Kiethiopia Mulugeta Seraw, Novemba 1988. Kesi ya fidia iliyofuata iliishia 1990 kwa hukumu ya dola milioni 12.5, na ikamfilisi kiongozi wa kundi lililowachochea, Tom Metzger. Mzee wa American History X anayewachochea vijana huku mikono yake ikibaki safi ni wa aina hiyohiyo.

Kuhusu nakala

Majina yanachanganya. Kuna Romper Stomper ya 1992 na tamthilia ya televisheni ya 2018 yenye jina hilohilo. Anza na ya 1992. This Is England iliendelea kwenye televisheni kwa jina hilo na tarakimu 86, 88 na 90. Ukifungua ikaanza na watu wakubwa kidogo, umekosea mlango. Skin ndiyo balaa zaidi. Nattiv ana filamu fupi ya dakika 20 hivi iliyopata Oscar 2019, na ndefu ya karibu saa mbili, nazo ni hadithi mbili tofauti. Juu ya hapo kuna Skin nyingine ya 2008 kuhusu Sandra Laing wa Afrika Kusini.

Pima urefu kabla ya kutazama. DVD za mfumo wa PAL hukimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu hupungua kwa takriban asilimia 4: dakika 119 za American History X huwa 114, na 94 za Romper Stomper huwa 90. Ukikuta chini ya hapo kwa zaidi ya dakika moja au mbili, huenda imekatwa, na kwa American History X kinachoweza kuwa kimekatwa ni bafuni na ukingo wa barabara. Nakala iliyokatwa hivyo ni mbaya kuliko kutotazama, kwa sababu inabakiza hotuba za Derek na kuondoa matokeo yake.

Tafuta yenye maandishi chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Katika This Is England, Combo anaongea lafudhi ya Liverpool na wengine ya Midlands, wakikatizana. Nakala zilizotafsiriwa kwa sauti ya dije ziachwe kabisa kwa kundi hili: dije hujaza kimya kwa mzaha, na Combo anapomsikiliza Milky kuhusu wajomba zake, kimya ndicho kinachokuambia kipigo kinakuja.